Jacques Monod na Haba na Haba Yake

Mto unaopita nyuma ya nyumbani kwetu siku hizi hutoa povu na harufu kali. Mdogo wangu aliogelea humo akatoka vipele mwili mzima. Nilipomwuliza mwalimu wetu wa bayolojia kama uchafu ule una dawa, aliniambia nisome maisha ya Jacques Monod. Nimesoma, na leo nawasimulia.

Monod alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka wa 1910. Polio ilimlemaza mguu angali mtoto, lakini wapi! Alipokua alipanda milima. Kazi yake ilikuwa kuchunguza bakteria. Aligundua kwamba wakipewa sukari za aina mbili, humaliza kwanza ile waipendayo, wakatulia kidogo, ndipo wakaigusa ya pili. Ni kama mtoto amalizaye nyama kabla ya kuitazama sukuma wiki.

Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka wa 1940, hakukaa kimya. Alijiunga na wapiganaji wa siri, na karatasi zao akazificha ndani ya mifupa ya miguu ya twiga iliyokuwa nje ya maabara yake!

Mwaka wa 1950 alieleza njia ya kukuza bakteria mfululizo. Chakula hudondoka chomboni polepole, na maji ya kiasi kile kile hutoka upande wa pili. Bakteria huongezeka kwa mwendo wa matone. Matone yakizidi kasi, wao husombwa wakaisha. Novick na Szilard wa Marekani walieleza njia kama hiyo mwaka uo huo.

Sasa sikilizeni. Fenoli ni sumu itokayo viwandani. Ukiwamwagia bakteria fenoli nyingi kwa mpigo, wanakufa. Ikidondoka kidogo kidogo, wapo wanaoila, wakaigeuza kuwa maji, kaboni dayoksaidi na miili yao wenyewe. Waliokuja baada ya Monod hutumia hesabu zake kukadiria kasi ya matone hayo.

Mwaka wa 1965 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Jacob na Lwoff. Aliaga dunia mwaka wa 1976.

Naam, haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba husafisha maji pia. Lakini amwagaye sumu yote mtoni kwa mpigo huwaua hata vijidudu ambao wangetusaidia. Mdogo wangu alipona. Mto wetu bado.