Mwalimu Charles Carpenter na Eropleni Yake Ndogo

Wengi wetu tukisikia habari za marubani wa vita hufikiri eropleni kubwa zenye mabomu. Leo nataka kuwasimulieni habari za mwalimu wa shule aliyepata sifa kwa eropleni ndogo sana, ambayo ilitoka kiwandani bila ya silaha hata moja.

Charles Carpenter alizaliwa mwaka 1912 katika jimbo la Illinois, huko Marekani. Alipokwisha kumaliza masomo yake akawa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya mji wa Moline. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliacha chaki akaingia jeshini, akawa rubani.

Eropleni yake ilikuwa ya namna iitwayo L-4. Ilichukua watu wawili tu. Kiunzi chake kilifunikwa kwa kitambaa, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 65. Mwendo wake haukufika maili 90 kwa saa. Kazi yake ilikuwa kuwa macho ya mizinga. Wapiga mizinga hawawezi kuona shabaha iliyo nyuma ya kilima. Basi rubani na mwenzake huruka juu, hutazama mahali kombora lilipoanguka, kisha huwaambia kwa redio wapige mbele zaidi, au kushoto, au kulia, mpaka wapate shabaha.

Mwaka 1944 Carpenter alikuwa Ufaransa pamoja na Divisheni ya 4 ya vifaru ya Marekani, chini ya Jenerali John Wood. Kule kutazama tu na kutoa habari hakukumtosha. Akafunga bazuka sita katika eropleni yake, tatu kila upande. Bazuka ni bomba la kurushia roketi za kuvunjia vifaru, ambalo askari wa miguu hulichukua begani. Watu wakamwita Bazooka Charlie, na wengine wakadhani ana wazimu.

Tarehe 20 Septemba, 1944, karibu na kijiji cha Arracourt, ukungu ulifunika nchi tangu asubuhi. Ulipoondoka, Carpenter akaona vifaru na magari ya deraya ya Wajerumani yakija. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye alishuka chini kabisa, huku akipigwa risasi ambazo kitambaa kile hakikuweza kuzizuia hata kidogo. Roketi zilipokwisha alirudi kutua, akapakia nyingine, akaruka tena. Siku ile alirusha roketi zisizopungua 16, akahesabiwa kuwa ameharibu vifaru viwili na magari kadhaa. Wajerumani wakarudi nyuma, na askari wenzake waliokuwa wamezibiwa njia penye kituo cha maji wakapata kuokoka. Baadaye alipewa nishani ya Silver Star.

Walakini mwaka 1945 aliugua sana. Ilikuwa ni kansa ya tezi, na madaktari wakamwambia kuwa hataishi hata miaka miwili. Mwaka 1946 akaachiliwa kutoka jeshini, akarudi nyumbani kwa mkewe na binti yake. Je, alikaa akingojea kufa? La! Alishika chaki tena, akafundisha historia katika shule ya sekondari ya mji wa Urbana, Illinois, mpaka alipofariki mwaka 1966, mwenye umri wa miaka 53.

Eropleni yake, ambayo baada ya vita ilifika Austria, ilionekana huko miaka mingi baadaye, ikarudishwa Marekani na kutengenezwa upya, ikawekwa katika jumba la makumbusho la jimbo la Massachusetts.

Wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa zetu mliotutangulia shuleni hapa, mimi nikifikiri habari za mtu huyu, siku ile ya Arracourt hainishangazi kama ile miaka 20 ya darasani. Vitani mtu aweza kuwa shujaa kwa saa moja, damu ikimchemka. Lakini kuamka kila asubuhi, hali umekwisha kuambiwa siku zako zimehesabiwa, ukaenda kufundisha watoto wa watu, huo ni ushujaa wa namna nyingine, nao hauna nishani.