Khabari za Kimweri wa Nyumbai, Mfalme wa Vuga

Watu wa pwani wapandao milima ya Usambara huulizia Lushoto, na ni wachache waulizao Vuga. Lushoto ni mji wa juzi, Wadachi wakiuita Wilhelmstal. Na Vuga ndiyo iliyokuwa kiti cha ufalme wa Wasambaa, tena ndipo walipozikwa wafalme wa Kikilindi.

Katika hao nimemchagua mmoja, Kimweri ye Nyumbai. Huenda mtu akaniambia: mwalimu wa chuo una nini na mfalme asiyesilimu? Jawabu yangu ni kwamba wazee wetu wa Tanga na Pangani walimjua na kumheshimu, na katika kizazi chake wamo wengi wasimamao nasi katika safu za sala. Na yaliyotokea baada yake yanatuhusu sisi khasa, kama utakavyoona.

Asili ya Wakilindi ni Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu na mbwa wake. Wasambaa husimulia kuwa aliwagawia nyama (nyama isiyotujuzia sisi, walakini ukarimu ni ukarimu), akaua simba, wakampa ufalme na jina la Simba Mwene. Kimweri alikuja katika ukoo huo baada ya wafalme kadhaa, akashika kiti yapata mwaka 1815, akatawala hata mwaka 1862, nao ni karibu na mwaka 1279 wa Hijra.

Hekima yake ilikuwa hii: aliwaweka wanawe kuwa majumbe katika nchi zote, kila mmoja mahali pake, na wote wakamtazama baba yao. Ng'ombe na pembe za ndovu zilipanda Vuga, na hukumu zikashuka kutoka Vuga. Raia zake waliamini kuwa mvua i mkononi mwake. Nasi twajua mvua ni ya nani. Lakini njia zake zilikuwa na amani, hata Krapf, yule mmishenari aliyefika kwake mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alizisifu. Enzi yake ilishuka mpaka baharini, na madiwani wa pwani walitaka idhini ya Vuga na ya Seyyid wa Unguja pamoja. Kimweri na Seyyid Said hawakupigana. Hata askari Mabulushi walipowekwa Tongwe baada ya safari ya pili ya Krapf, mzee alivumilia.

Mwaka 1857 wakaja Waingereza wawili, Burton na Speke. Walimkuta mfalme amekwisha kuwa mkongwe, naye akataka kwao dawa ya kumrudishia nguvu. Dawa hiyo hawakuwa nayo. Burton ameandika kuwa aliambiwa wana wa kiume wa Kimweri walikuwa baina ya 80 na 90, na baadhi yao wamesilimu, baba yao akibaki katika dini ya wazee wake.

Basi umri mrefu ulimletea msiba. Mwanawe Mshuza, aliyekuwa Bumbuli, mahali pa mrithi, alikufa kabla yake. Kimweri alipofariki, kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu mwana wa Mshuza, na ami zake wakawa ndio majumbe wenye nguvu. Utaona wapi kijana akiwatawala ami zake wote wakaridhika?

Mmoja wa ami hao alikuwa Semboja, akikaa Mazinde chini ya mlima, penye njia ya misafara. Bunduki zilipita kwake, na baruti, na nguo. Alivaa mavazi yetu, akafuata desturi za pwani, akahesabiwa miongoni mwa Waislamu. Naye ndiye aliyemwinukia mwana wa nduguye, akamtoa Vuga, akamweka pale mwanawe mwenyewe. Wabondei nao wakaasi, ndiyo vita iitwayo Kiva, karibu na mwaka 1869, wakawaua Wakilindi waliokuwa kwao. Ikawa milimani watu wakamatana: jirani na jirani, ndugu na ndugu, wakashushwa Pangani kuuzwa.

Hapa nasema wazi. Wengi wa waliouzwa walikuwa waungwana, watu huru waliotekwa majumbani mwao, na kumuuza mtu huru ni haramu kwa ijmai. Kanzu ya muuzaji haihalalishi. Wala tusimlaumu Semboja peke yake. Walionunua Pangani walikuwa watu wetu, wakisali katika misikiti yetu. Mfalme kafiri alizifanya njia salama miaka arobaini na zaidi, na walioziharibu baada yake walikuwamo wenye kutoa shahada.

Semboja alikufa mwaka 1895, na mwaka huo huo Wadachi wakamnyonga mwanawe Mputa aliyekuwa Vuga. Khabari za ukoo huu aliziandika Muislamu wa pwani, Sheikh Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na Wakilindi wakati wa fitina zile. Na kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa na wamishenari wa Magila.