David Bruce: Daktari aliyefuata nyayo za mbung'o

Kimelea kinacholeta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe kinaitwa Trypanosoma brucei. Jina hilo linatokana na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyefanya kazi yake kubwa barani Afrika.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, kwa wazazi Waskoti, akakulia Stirling na kusomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1883 alijiunga na jeshi na kumwoa Mary Elizabeth Steele. Tangu hapo wawili hao walifanya kazi pamoja: Mary alikaa kwenye hadubini, akachora vimelea na kusaidia katika majaribio.

Mwaka 1894 walipelekwa Ubombo, Zululand, ambako nagana ilikuwa ikimaliza ng'ombe. Wakiwa katika nyumba ya miti na udongo, walikuta vimelea ndani ya damu ya wanyama wagonjwa, kisha wakathibitisha kwamba mbung'o ndiye aliyevibeba.

Ujuzi huo ulihitajika sana Uganda. Tangu mwanzo wa karne ya 20, malale yalikuwa yakiua watu Busoga, Buganda na visiwa vya Ziwa Victoria. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa.

Bruce alifika Entebbe mwaka 1903. Aldo Castellani, daktari kijana kutoka Italia, alikuwa ameshaona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na ubishi juu ya nani anastahili sifa ulidumu miaka mingi. Bruce aliomba msaada wa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa. Watu wa vijijini wakakusanya inzi na kueleza wapi kuna wagonjwa. Ramani mbili zilipowekwa pamoja, zilifanana: palipokuwa na malale palikuwa na mbung'o. Baadaye serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa mwambao, wakaacha mashamba na uvuvi wao.

Wanakemia waliofuata walichunguza jinsi kimelea hicho kinavyoishi. Kikiwa ndani ya damu ya mgonjwa, hutumia sukari yake kwa kasi na kutoa asidi ya piruviki kama taka. Njia hiyo ya kutumia sukari imelengwa na watafiti wa dawa kwa miaka mingi, kwani kimelea kikikosa sukari hufa.

Bruce alirudi Uganda mwaka 1908, akafanya utafiti Mpumu, kisha Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mary alikuwa naye kote huko.

Mary alifariki London Novemba 23, 1931. Bruce alifuata siku nne baadaye, wakati mazishi ya mkewe yakiendelea. Kabla ya kufa aliagiza kwamba yeyote atakayeandika habari za maisha yake asiache kutaja kazi ya Mary.