Ntare wa Tano na uvamizi wa Rwabugiri: mambo ya kujua

Kuanzia Ruharo mjini Mbarara hadi Nakivale, jina la Ntare linajulikana kwa sababu ya Ntare School, iliyofunguliwa mwaka 1956. Je, Ntare alikuwa nani?

Alikuwa nani?
Ntare wa Tano alikuwa Omugabe, yaani mfalme, wa Nkore hadi kifo chake mwaka 1895. Isingiro, ilipo kambi ya Nakivale leo, ilikuwa sehemu ya ufalme huo. Alama ya ufalme ilikuwa ngoma kuu, Bagyendanwa.

Miaka ya shida
Mwaka 1889 msafara wa Stanley ulipita Nkore. Ntare hakwenda mwenyewe. Alimtuma kijana wa ukoo wake, Buchunku, akachanjiane damu na mgeni huyo. Baadaye sotoka iliua ng'ombe wengi. Ikafuata ndui, ikaua watu, akiwemo mtoto wa kiume wa mfalme. Mwaka 1894 wajumbe wake waliwekeana mkataba na Waingereza.

Vita
Wakati huo Kigeri IV Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, alikuwa amepigana pande zote, hadi kisiwa cha Ijwi na nchi ya Bushi, Kongo ya leo. Karibu na mwaka 1895 jeshi lake liliingia Nkore. Silaha kubwa zilikuwa mikuki na pinde. Jeshi la Ntare lilikuwa limedhoofishwa na magonjwa, naye akarudi nyuma. Hata hivyo Wanyarwanda hawakubaki, na Nkore haikutawaliwa na Rwanda. Wafalme wote wawili walifariki mwaka 1895.

Baada yake
Ntare hakuacha mtoto wa kumrithi, hivyo ndugu waligombania ufalme. Kahaya ndiye aliyeshinda. Waingereza walijenga kituo Mbarara mwaka 1898, na mkataba wa 1901 uliunganisha Nkore na majirani zake kuwa Ankole. Mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo ilikubaliwa na Wazungu mwaka 1910, miaka 15 baada ya vita hivyo.

Kwa nini tumkumbuke?
Katika Nakivale wanaishi pamoja Wanyankore, Wanyarwanda na Wakongo ambao mababu zao walikutana vitani. Na shule yenye jina la Ntare ilimsomesha Yoweri Museveni, mwana wa Ankole, na pia Paul Kagame, aliyekuja Uganda akiwa mtoto mkimbizi kutoka Rwanda.