Haardt, aliyepita Kongo kwa gari miaka 100 iliyopita

Dereva anayetoka Beni kwenda Mambasa wakati wa mvua anajua maana ya kulala njiani na gari zee. Georges-Marie Haardt alipita kaskazini mashariki mwa Kongo wakati barabara za magari zilikuwa chache sana.

Alizaliwa Naples, Italia, mwaka 1884, akawa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Citroën nchini Ufaransa. Mwezi Desemba 1922 aliondoka Touggourt, Algeria. Tarehe 7 Januari 1923 alifika Timbuktu, mara ya kwanza watu kuvuka jangwa la Sahara kwa gari.

Tarehe 28 Oktoba 1924 alianza safari nyingine kutoka Colomb-Béchar, akiwa na magari 8. Nyuma, magari hayo yalitembea kwa mikanda ya mpira, ili yasizame mchangani wala matopeni. Msafara ulipita Buta na nchi ya Wamangbetu. Mule msituni, chini ya utawala wa Wabelgiji, wanakijiji ndio waliofyeka njia ili magari yapite. Jina la Haardt limebaki, yao hayajulikani.

Kufika Kampala, msafara uligawanyika katika makundi manne. Haardt alimalizia Madagascar, mwezi Juni 1925.

Alifariki Hong Kong mwezi Machi 1932 kwa ugonjwa wa mapafu, baada ya kuvuka Asia kwa gari. Magari yake yalisifiwa sana, lakini bila mikono iliyofungua njia yasingetoka msituni.