Mama aliyemchanja mwanawe kabla ya kliniki kuwepo

Mary Wortley Montagu alikuwa na umri wa miaka 24 ndui ilipomuua mdogo wake wa kiume, mwaka 1713. Desemba 1715 ugonjwa huohuo ukamfikia yeye. Alipona, lakini uso uliosifiwa London nzima ulibaki na makovu, na kope zake hazikuota tena. Wazazi wa leo hawajaiona ndui, na ni heri. Ilianza kwa homa kali, yakafuata malengelenge ya usaha mwili mzima. Katika kila watu 100 walioipata, 20 hadi 30 walikufa, na baadhi ya waliopona walibaki vipofu.

Mwaka 1716 mumewe aliteuliwa kuwa balozi wa Uingereza katika dola ya Uthmaniya. Mary akafuatana naye hadi Constantinople, ambayo leo ni Istanbul, wakiwa na mtoto wao mdogo wa kiume. Huko alikuta jambo ambalo madaktari wa kwao hawakulifanya. Joto lilipopungua, familia ziliwaita vikongwe waliokuja na ganda la kokwa lenye usaha kutoka kwa mgonjwa mwenye ndui nyepesi. Kikongwe alikwaruza ngozi ya mtoto kwa sindano, akapaka usaha kidogo, akafunika. Baada ya wiki hivi mtoto alipata homa, akalala siku mbili tatu, kisha akarudi kucheza. Ndui haikumpata tena.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati hapa, kwani neno letu limehifadhi historia hii. Chanjo imetokana na kuchanja, yaani kukata ngozi, na ndicho walichofanya vikongwe wale. Wala hawakuwa Waturuki peke yao. Huko Boston, Marekani, uchanjaji wa ndui ulianza mwaka 1721 kutokana na maelezo ya Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Onesimus, ambaye alikuwa amechanjwa kwao Afrika.

Machi 1718, mumewe akiwa hayupo nyumbani, Mary aliamua. Mwanawe alikuwa hajatimiza miaka 5. Kikongwe wa Kigiriki alichanja mkono mmoja, na Charles Maitland, daktari wa ubalozi, akachanja wa pili. Mtoto alitoka vipele kama 100, akapona vizuri. Alikuwapo pia binti mchanga wa miezi miwili, lakini huyo mama yake hakumchanja. Sababu ni kwamba yaya wake hakuwahi kuugua ndui, na mtoto aliyechanjwa kwa njia ile angeweza kumwambukiza. Kama daktari, hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Wengi husimulia ushujaa wake, lakini mimi naona hesabu: alipima hatari ya mtoto, akapima na ya yule anayembeba.

Na hatari ilikuwepo kweli. Takwimu zilizokusanywa Uingereza miaka ile zilionyesha kwamba katika kila watu 50 waliochanjwa, mmoja hivi alikufa. Hakuna chanjo ya leo ambayo tungekubali kuitoa kwa hatari ya namna hiyo.

Waliporudi London, ndui ililipuka mwaka 1721. Mary akamwita Maitland amchanje binti yake, sasa wa miaka 3. Maitland alisita, akataka madaktari wengine washuhudie. Mmoja wa mashahidi hao, James Keith, alikuwa amezika watoto wake kwa ndui. Alipoona binti anaendelea vizuri, alimleta mwanawe aliyebaki akachanjwa naye. Mwaka uliofuata, mabinti wawili wa familia ya kifalme wakachanjwa.

Upinzani ulikuwa mkali. Wahubiri walisema ni kuingilia kazi ya Mungu, na baadhi ya madaktari hawakupenda kufundishwa na mwanamke aliyefundishwa na vikongwe. Mwaka 1722 mtoto wa mheshimiwa mmoja alifariki baada ya kuchanjwa, na hofu ikapanda. Madaktari nao waliharibu mambo kwa kuwatoa watoto damu, kuwaharisha na kuwakata ngozi kwa kina. Mary aliwashambulia kwa hasira gazetini bila kutaja jina lake, na nadhani alikuwa na haki.

Mwanawe alimsumbua sana. Alipotoroka shule, tangazo la kumtafuta lilitaja makovu mawili ya mikononi, yaliyotokana na kuchanjwa. Mary mwenyewe aliishi ughaibuni zaidi ya miaka 20, akarudi London, akafariki Agosti 1762 kwa saratani ya matiti. Miaka 34 baadaye Edward Jenner, ambaye utotoni alichanjwa kwa njia ile ya zamani, alitumia ndui ya ng'ombe isiyoua, na hapo ndipo chanjo salama ilipoanzia. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa mitaani alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru.

Wazazi wanaoniuliza kuhusu homa baada ya sindano waelewe kwamba sindano za kliniki hazimpi mtoto ugonjwa wenyewe kama usaha ule. Homa ndogo ya siku moja au mbili ni mwili unaojifunza. Mnyonyeshe na mpunguzie nguo. Akipata degedege, akipumua kwa shida au homa ikiwa kali na haishuki, mrudishe kituoni haraka. Mafua madogo hayazuii chanjo. Na kama tarehe ya kadi imepita, mlete hivyohivyo: tunaendelea pale alipoishia, hatuanzi upya.