Miche 62 ya Dakta Hindorf

Kila nipandapo gari Voi kwenda Taveta, nikifika Mwatate na kuiona mikonge imejipanga safu safu katika udongo ule mwekundu, humkumbuka Dakta Richard Hindorf, Mjerumani aliyezaliwa 1863. Kazi yake haikuwa Taita, ilikuwa Pangani. Lakini mmea huu wa Meksiko ndiye aliyeuleta pwani yetu.

Mwaka 1893 aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikazungushwa kwanza hadi Hamburg, na iliyofika Tanga ingali hai ilikuwa 62 tu! Mwengine angaliitupa. Yeye akaipanda Kikogwe, akailea, na baada ya miaka mitano ikawa imepita 60,000. Ndipo mkonge ukaenea, na baadaye ukalimwa hata nyika hii ya Voi na Mwatate, ambako mvua ni ya kubahatisha na mahindi hunyauka.

Hadi hapo namsifu. Ila wengi walidhani mmea unaostahimili ukame hauli ardhi. Kumbe unaila, chokaa khasa! Katika jani zima singa hazifiki sehemu moja ya ishirini. Zilizosalia hubaki korona, na rutuba ya shamba imo humo. Wataalamu wa Mlingano, Tanga, kituo kilichoanzishwa 1934, ndio waliopima wakaona kuwa shamba lirudiwalo mkonge bila kurudishiwa kitu huchoka.

Hindorf alifariki 1954. Wakati huo watu wa Mlingano walikuwa wangali wakiujaribu udongo, kwa chokaa na kwa yale makapi ya korona.